Matuta Chini ya Theluji

Kazi yangu, kwa ufupi, ni kuipaka dunia rangi.
Kijani kizito, msitu. Njano, shamba. Kahawia, malisho.
Kijivu ni sisi: nyumba, barabara, maegesho ya magari.
Kila mraba kilomita kumi kwa kumi,
na kila mraba una umri wa miaka elfu sita.

Naifanyia Leicester, ghorofa ya tatu,
dirisha linatazama paa la duka la mazulia.
Watu wa kale hawakutuachia takwimu,
walituachia mkaa, chavua matopeni, daftari la kodi ya kanisa.
Basi tunakisia: vichwa vingapi, vinywa vingapi,
kila kinywa kilidai ekari ngapi,
halafu tunairudisha saa nyuma
na kompyuta inanguruma usiku kucha
kama jenereta ya msibani.

Asubuhi dunia iko tayari.
Nazisogeza karne kwa kidole.
Njano inatambaa toka mabondeni,
inapanda vilima, inatafuna kijani,
inasita mwaka wa tauni, inarudi hatua mbili
(waliokufa hawalimi),
kisha inakuja tena, safari hii na reli.

Gethin, mwenzangu wa dawati, anasema
tunamuuliza marehemu alikula nini.
Yeye ana Ulaya. Mimi nilipewa Afrika,
kwa sababu ambazo hakuna aliyezitaja.

Mraba 41,207 naujua kwa miguu.
Uko Ludewa. Mwaka 1900, inasema mashine:
pori, asilimia tisini na nane.
Pori!
Bibi yangu alizaliwa kwenye ile asilimia mbili, nadhani,
amebanana humo na ukoo mzima na mbuzi wao.
Walilima misimu mitatu, wakaliacha shamba lilale miaka kumi na miwili,
na shamba lililolala, kwa mashine, ni pori,
kama vile kila aliyefumba macho ni maiti.

Jumamosi moja ya Februari nilikwenda Cawby
kwa niaba ya Gethin aliyelazwa na mafua.
Maud Sketchley, mwenye kondoo, akanifungulia geti.
"Hakuna cha kuona. Malisho tu. Enzi na enzi malisho."
Na ramani ilimuunga mkono:
kahawia, kahawia, kahawia.

Lakini theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka,
imebaki kwenye mifereji tu, mistari myeupe,
na kati ya mstari na mstari ardhi imevimba,
ubavu kwa ubavu, hadi ukingo wa kijito.

Nikasema kwa sauti: Matuta.

Maud akadhani nimepiga chafya.

Matuta! Watu walilima hapa,
kwa maksai na plau ya mbao,
wakapanda shayiri, wakapanda njegere,
mpaka sufu ikapanda bei
na mwenye ardhi akapiga hesabu: kondoo hadai mshahara.
Wakaondoka na vyungu vyao. Nyasi zikafunika.
Miaka mia tano kondoo wanalala juu ya shamba
na shamba halijasahau upana wa jembe.

Nilisimama mguu mmoja tutani, mmoja mferejini,
vile mama husimama akipanda marando ya viazi,
viatu vyangu vya mjini vikinywa maji.

Jumatatu niliufungua mraba 41,207.
Sina mamlaka ya kuubadilisha. Kanuni ni kanuni,
na nikigusa namba moja hapa, Brazili inapata homa.
Lakini pembeni kuna safu ya maelezo
ambayo hakuna anayeisoma.
Nikaandika: Hapa palilimwa. Palikuwa pamelala tu.

Gethin, pua nyekundu, akauliza Cawby kukoje.
Nikamwambia: wenyeji sikuwakuta,
lakini wamelima vizuri.