Waliolala Hapa

Nimepewa kishikwambi, kizibao cha njano
na mitaa mitatu ya Mtwara, niimalize kabla jua halijakolea.
Kila mlango swali ni lilelile:
nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?

Nyuma ya uzio wa kiwanda walilala mbuzi.
Sina kisanduku cha mbuzi. Nikapita.

Nyumba ya ghorofa, plasta imemomonyoka,
mwaka 1951 bado umeng'ang'ania juu ya mlango.
Mzee Gulamali akafungua nusu:
"Andika mtu mmoja. Na redio."
Watoto wako Leicester. Duka la chini
linauza misumari kwa kuhesabu, si kwa kilo.
Akaniletea maji kwenye glasi ya wageni,
jambo ambalo, alisema mwenyewe bila kuulizwa,
baba yake asingelifanya.

Kishikwambi hakiulizi rangi ya mtu.
Ukuta wa ghala la bandari ulikuwa ukiuliza.
Mvua ikilowesha chokaa, madirisha matatu yaliyozibwa
hujichora tena, moja, mawili, matatu.

"Baba alipanga foleni la tatu," anasema Bi Somoe Nannoka.
"La kwanza lina kiti na bahasha.
La pili lina kivuli.
La tatu lina jua, na kidole gumba kwenye wino.
Gunia lilikuwa gunia, mgongo ulikuwa mgongo.
Shilingi ndizo zilizochagua.

"Nilipoanza kubangua mimi, dirisha lilikuwa moja.
Hata meneja alisimama humohumo, anajipepea na gazeti.
Nikanunua baiskeli. Nikaipanda, mwanamke mimi!
Chikongola wakasema yao. Nikapiga kengele."

Halafu?

"Halafu wakafunga. Mashine zikauzwa kwa uzito wa chuma.
Korosho zikaanza kusafiri na maganda yake,
zikabanguliwe ng'ambo na wanawake nisiowajua,
nao sijui wanalipwa dirisha la ngapi.
Juzi nimeiona pakiti yake, inang'aa kama sikukuu.
Nikanunua, nikahesabu: punje kumi na tisa.

"Ilipokuja gesi, kodi za Shangani zikapangwa kwa dola.
Mjukuu wangu akapata kazi getini.
Kofia nyeupe wanakula penye kiyoyozi,
kofia za buluu chini ya turubai,
za njano wali wao unakuja kwenye mfuko.
Akaniambia, Bibi, ni kofia tu.
Nikamwambia, wavue, utazame."

Waliolala hapa, bibi?

"Saidi, Tandika. Mwanahawa, Pemba ya Msumbiji.
Huyo wa kofia, sijui. Simu yake inaimba tu."

Wasiolala hapa hatuwahesabu.

Akatazama mikeka minne, imekunjwa, imesimamishwa ukutani.
"Basi andika mmoja," akasema,
"lakini ukifika huko Tandika waambie wasimwandike wao."

Shughuli kuu?
"Mbanguaji."
Kiwanda kimefungwa, bibi. Miaka mingi.
"Umeuliza habari zangu, au za kiwanda?"

Akaviweka vidole juu ya kioo. Mafuta ya ganda
yaliingia chini ya ngozi tangu usichana, hayajatoka.
Kioo hakikumtambua. Kikatetemeka, kikazima.
Nikakiwasha. Nikatafuta: mkulima, mvuvi, mama wa nyumbani.
Mwishoni kabisa kulikuwa na Nyingineyo.
Nikabonyeza. Kikaniandikia: Asante.

Nje nikachora namba mlangoni kwa chaki.
Nilikuwa nimeshafika uchochoroni
aliponiita nirudi:
"Hii saba yako haisomeki.
Iandike vizuri."