Nyuzi

Mama mkwe alinifundisha kuisoma shira kwa vidole viwili:
chovya, tanua, tazama uzi.
Uzi ukikatika, bado.
Uzi ukivutika bila kukatika, epua.
Miaka ishirini na miwili nimesoma hivyo,
hapa Malava, kando ya karai la tatu,
jicho la kushoto likilia moshi wa kuni
kana kwamba lina msiba wake peke yake.

Kisha akaja Khasandi, binti wa Mulupi mchochea tanuri,
na begi la waya na betri.
Akafunga kijiti cha chuma ukingoni mwa karai,
akasema, "Shangazi, ni nyuzi mia na kumi na nane."
Nikacheka.
Nyuzi zote hizo nitazivuta kwa mkono gani?

Usiku wa kwanza simu ilituamrisha kama karani wa ushirika:
punguza moto.
Makapi ya miwa yaanikwe siku mbili zaidi.
Funga mlango wa tanuri, mnapasha joto mbingu.
Mulupi akasonya, akafunga.
Na moshi ukatoka mwembamba, mweupe,
kama mtu anayeomba radhi.

Wiki ya tatu simu ikasema bado,
nami puani nasikia kuungua.
Bado, ikasema. Bado.
Nikaepua bila ruhusa yake.
Tulipokipangusa kile kijiti, kilikuwa kimevaa koti la sukari,
nene, jeusi, hakisikii kitu.
Khasandi hakubisha. Aliandika daftarini:
kisafishwe kila karai; pua ya shangazi iulizwe kwanza.

Sasa tanuri linakula makapi matupu.
Wekulo, aliyetuletea kuni kila Jumatatu,
tulimwambia mara moja kwa mwezi inatosha,
halafu tukamwambia tutampigia.
Jana alipita akisukuma mkokoteni wa matofali ya watu,
akaitikia salamu yangu akitazama mbele.
Ana watoto wanne, mmoja yuko kidato cha pili.
Hesabu hiyo simu haina.

Nilifunga vipande viwili vya sukari guru kwa jani la mgomba,
nikamtuma mtoto amkimbilie.
Jicho limekauka. Sijui nilifanyie nini.
Shira inapanda: mia na kumi na nne,
na kumi na tano.
Nachovya vidole.