Shubiri Nane

Mara ya tatu hii nakuja Shangani,
na mara ya tatu Bwana Nampembe analivua turubai
kama anayemfunua bi harusi:
taratibu, upande mmoja, kisha kicheko.
"Leo umekuja na shemeji?"
Nimekuja na fundi Chilumba, namjibu,
na pesa ni zangu, za korosho, za mnada wa pili,
nyingine bado zinanuka salfa.

Jeupe. Refu. Viti vya ngozi, rangi ya chai ya maziwa.
Mlangoni walibandua nembo ya kampuni ya gesi
lakini jua lilishaandika kivuli chake;
ukisimama pembeni unasoma herufi nne
za watu waliokuja na kofia ngumu,
wakapandisha kodi za nyumba mpaka Chikongola,
halafu asubuhi moja wakafunga mabegi.
Kaka yangu aliwajengea gesti ya vyumba kumi.
Sasa anafuga kuku mle.
Kuku wa chumba namba saba wana kiyoyozi.

"Kilomita elfu tisini na mbili tu," anasema Nampembe,
"na limepumzika hapa miaka mitatu bila kuguswa."
Chilumba haangalii dashibodi.
Anainama, anapapasa pedeli ya breki:
mpira umelika hadi chuma kinachungulia.
"Mama, namba hurudishwa nyuma.
Mguu haurudishwi."
Kisha analala chali chini ya gari
na sauti yake inatoka huko kama ya mtu aliye kisimani:
hapa chumvi imekula,
hapa wamepaka rangi juu ya kutu,
pafu la kushoto linavuja.
Maana gari hili halina springi, lina mapafu;
likikaa siku mbili linainama upande mmoja
kama mtu anayelalia sikio linalouma.
"Pafu moja milioni mbili na nusu,
nalo linatoka Dar kwa basi. Likitoka."

Milioni arobaini na mbili.
Naijua arobaini na mbili.
Ni misimu mitatu ya kuwafungia mlango watu wa kangomba
hata pale chumvi ilipoisha ndani.
Ni bati. Ni ada ya Mwanahawa, mwaka wa mwisho.
Na dizeli je? Hili halinywi, linaoga.
Newala watanipa majina,
na sitadanganya, hilo linanipendeza kidogo:
kupita sokoni vioo vimefungwa,
vumbi jekundu likibaki nje, pamoja nao.

Nafungua mlango wa nyuma.
Nawaambia wanisubiri.
Natandaza vidole juu ya kiti, nakwenda:
shubiri moja, mbili, tatu,
mpaka mlango wa pili.
Nane.
Mama, akikunja magoti kidogo, nane.

Machi mwaka juzi, mvua, saa tisa usiku,
kigari cha kukodi kilizama mpaka milangoni
kabla hatujaishika lami ya kwenda Ndanda.
Tulisukuma. Dereva alivua viatu, akalia.
Mama alisema tu: mnanichafulia kanga.
Hakusema tena.

Na usiku ule hili lilikuwa hapahapa,
kavu, chini ya turubai,
likiinama polepole upande wa kushoto.

"Vipi, mama? Tuandikishane?"
Chilumba anafuta mikono kwenye suruali, haniangalii.
Fundi mzuri anajua pa kunyamaza.
Nafunga mlango. Unafunga kwa sauti nzito, laini,
kama mtu aliyemeza neno.
Naufungua tena, niusikie.
Naufunga.

"Toa bei ya pafu," nasema.
Nampembe anachomoa simu, anapiga hesabu, anaguna.
Mkono wangu bado umetanda vidole,
haujarudi kuwa mkono.