Kilo Saba

Siku mia na themanini, ilisema sheria.
Shaba itoke Pune kwa lori, na hati yake mfukoni mwa dereva,
iingie Jamnagar, uchochoro wa tatu pale Dared,
ikerezwe, itobolewe, ikatwe hesi,
irudi kwa mwenyewe kabla siku hazijatimia.
Ikichelewa, kampuni itairejeshea serikali
nafuu ya ushuru iliyokwisha kujikatia,
na riba juu yake.

Mwandika hati ni mimi.
Nakala nne, kaboni ya buluu, vidole vya buluu.
Valjibhai Nakum, mwenye karakana, hakuwa na shaba yake hata punje:
alikuwa na mashine sita za kukereza, paa linalovuja,
na ustadi wa watu wengine.
Kalenda ya ukutani tuliitazama
kama mja mzito anavyoitazama yake.

Vibarua wapya niliwaeleza hivi:
malighafi imeshalipiwa ushuru kule fito zilikomiminwa,
na kitu kimoja hakilipiwi mara mbili.
Kwa hiyo kampuni inakata kile ilicholipa
kwenye ushuru wa vali iliyokamilika.
Sisi hatulipi, hatudai. Sisi ni mkono tu, hapo katikati.
"Na mkono unakata nini?" akauliza mmoja.
Devshi akauinua wake bila kugeuka.
Kidole cha shahada kiliishia kwenye kifundo.
Wakacheka, hata yeye.

Machi akaja Bwana Vachhrajani wa ushuru,
mwembamba, mwenye adabu, biskuti hakuzigusa.
Akapiga hesabu kwa penseli, pembeni mwa daftari langu:
zimeingia kilo elfu moja.
Zimetoka vali, mia sita arobaini na mbili.
Machicha ya shaba yamerudi kwa magunia,
mia tatu hamsini na moja.
"Zimebaki saba," akasema. "Ziko wapi?"

Hakutuita wezi. Aliuliza tu, kisha akangoja.
Valjibhai akanitazama mimi,
mimi nikaitazama penseli.

Tukafagia. Tukang'oa mbao chini ya mashine,
tukakung'uta matambara ya grisi mlangoni.
Gramu mia nne, sarafu ya zamani, jino la kitana.
Pune wakapiga simu: nafuu ya kilo zilizopotea
itakatwa kwenye malipo yenu.
Valjibhai akasema itakatwa kwenye posho.
Posho haikusema kitu.

Jioni nikampelekea Devshi bahasha yake, nyepesi.
Nilimkuta uani, kichwa kimeinamia karai,
mkewe Rambha anamwosha nywele kwa maji ya tatu.
Chini ya maji kulitulia unga unaong'aa;
ungedhani ni manjano ya kumpaka bwana harusi.
Akakohoa. Akakohoa tena, akiomba radhi kwa mkono.

Miaka kumi na tisa kwenye mashine ileile.
Nikaanza kuzidisha kichwani, ugonjwa wa kazi yangu:
gramu kwa siku, siku kwa mwaka,
toa Jumapili, toa sikukuu.
Haba na haba, tulifundishwa, hujaza kibaba.
Kifua hakikutajwa.

Rambha akainua karai, akaniuliza kama naweza kusogea,
anataka kumwaga.
Nikamwambia angoje kidogo.
Nikarudi karakana mbio, gizani,
kuchukua mizani.