Njia ya Hexham

Neno lao moja la kukaa mahali, dwell,
zamani lilikuwa kupoteza:
kumwelekeza mtu njia isiyo yake.
Karne zikapita, likawa kuchelewa.
Karne tena, likavua viatu, likaketi.

Hester Thirlwall hajapata kufungua kamusi.
Anakumbuka ukungu wa Februari, vilima vya Alston,
na fundi saa akigonga mlango, mguu mmoja umelowa:
“Hii ndiyo njia ya Hexham?”

Siyo. Chai kwanza.
Kisha mvua. Kisha kondoo akashindwa kuzaa, usiku kucha,
na fundi akashika taa.

Koti lake lingali msumarini, miaka arobaini na mmoja.
Anauliza tena, siku hizi, kila jioni.
Hester humfunika magoti kwa blanketi:
“Hexham? Labda kesho.”