Ndoo ya Dirishani

Jumanne, kipindi cha nne, mjini Dundee.
Mvua inapiga kioo kwa ubavu
na Morven ameketi nyuma kabisa, kando ya kipasha joto.
Leo hajaja kusoma hesabu. Amekuja kunisoma mimi.

Ana daftari, penseli iliyotafunwa kichwa,
na saa ya babake inayompwaya mkononi.
Miaka kumi na minne.
Shule ilimpa ruhusa, nami nikampa yangu,
nikacheka: karibu, uwanja ni wako.
Kicheko cha meno tu.

Si kwamba sijakaguliwa.
Wamekuja wenye suti na fomu za visanduku,
wakaketi dakika ishirini, wakaweka vema, vema,
wakaondoka kabla makoti hayajakauka.
Hao niliwapikia kama wapikiwavyo wageni:
leo pilau, kesho tunarudi kwenye kiporo.
Lakini huyu hula kwangu kila siku.
Kiporo changu anakijua kwa harufu.

Robo tatu, toa humusi. Nani ataniambia?
Kimya.
Nikaandika jibu mwenyewe, nikasonga mbele.

Baada ya kengele akafungua daftari,
masikio mekundu, sauti ya mtangaza ratiba ya treni:
"Umeuliza maswali kumi na tisa.
Kumi na moja umeyajibu wewe.
Unasubiri sekunde mbili. Mara moja, tatu.
Swali la saba, Struan alishafungua mdomo,
ukafuta ubao."
Akageuza ukurasa.
"Na upande wa dirishani hukufika kabisa.
Nadhani ni kwa sababu ya ndoo."

Ndoo!
Ndoo ya bluu chini ya paa linalovuja,
iliyowekwa Septemba, ikasahauliwa hapo.
Naikwepa nisilowe viatu,
na kumbe ninapoikwepa
ninakwepa watoto sita.

Nilitaka kumwambia habari za mtaala,
na mtihani wa Mei unaotufuata kama mdai.
Maneno yakafika kooni, yakageuka.
Nikasema, "Asante."
Akasema, "Mwandiko wako ni mzuri, lakini,"
kama mtu anayerudisha chenji.

Jumatano nikaisogeza ndoo kwa mguu,
nikasimama pale palipolowa.
Robo tatu, toa humusi.
Nikafumba kalamu kiganjani, nikahesabu kimoyomoyo.
Tatu. Nne. Tone likaanguka.
Sita. Mtu akakohoa, ulimi wangu ukawasha.
Nane.
"Mbili juu ya tisa?" akasema Struan.

Kosa, naam, kosa zima, limenyooka:
kule juu katoa, kule chini kajumlisha.
Miaka mitatu nimefundisha juu ya kosa hilo
kama mtu aliyejenga juu ya kisima
bila kusikia maji.

"Niambie umefikaje hapo," nikasema,
nikavuta kiti, nikaketi kando yake.
Nyuma, Morven hakuwa na daftari.
Alikuwa akipiga hesabu, midomo ikicheza,
na saa ya babake imeteleza hadi kiwikoni.