Leseni ya Ufito Mmoja

Leseni ya marehemu Nannauka ilikuwa hai bado.
Yeye ana miezi mitatu kaburini,
yenyewe ina muhuri wa bluu na umri hadi Desemba,
imekunjwa mara nne ndani ya kopo la maziwa
pamoja na ndoana saba na chubwi la risasi.

Nikaitumia. Sisemi uongo.
Asubuhi mbili Ziwa Rutamba lilinipa perege,
na perege hawakuuliza jina.
Aliyeuliza ni Bakiri wa kamati ya ziwa,
kijana niliyemkorogea uji siku za jando lake.
Akaigeuza karatasi huku na huku
kama mtu aliyeletewa talaka isiyo yake.
"Shangazi, huyu ni mwanamume."
"Tena amekufa," nikasema.
Akacheka, akajirudi haraka.
"Basi nenda Lindi."

Nikaenda Lindi.
Picha mbili, barua ya mtendaji,
nauli iliyotoka kwenye debe la mbaazi,
na ufito wenyewe, maana niliambiwa njoo na kifaa.
Mwanzi mrefu hatua tatu za mtu mzima:
mlinzi wa getini akaniuliza
naenda kuangua papai la nani.

Dirishani Bwana Mchopa, miwani juu ya kipaji,
akanijazia fomu kwa mazoea ya mkono.
Chombo: ngalawa.
Nyavu: mbili.
Maji: bahari.
Naitazama kalamu inavyonipeleka kilindini
mimi nisiyejua kuogelea.

"Baba, hiyo bahari yenu naiona nikija mjini tu.
Mie navua nimekaa juu ya jiwe.
Maji baridi. Ndoana moja.
Samaki mmoja, naye mpaka aridhike."
"Chukua hii hii mama, leseni ni leseni."
"Hapana. Ya msibani kanga, ya harusini kanga;
kosea uone."

Akashusha miwani.
Ndipo aliponiona.
Akaichana fomu taratibu, akavuta nyingine
chini kabisa ya rundo, ukingo umepauka.

Chombo: hakuna.
Injini: hakuna.
Mabaharia: hakuna.
Zile hakuna zilivyofuatana nikaona haya,
kama ninayehesabiwa mali siku ya mirathi.
Kifaa: hapo akasita.
"Tuandike nini? Fimbo?"
"Fimbo ya kupigia. Andika ufito."
Akaandika ufito.

Jina la mwombaji.
Miaka thelathini na moja nimekuwa Mke wa Nannauka
kwenye daftari la korosho, kwenye kadi ya zahanati,
hata kwenye karatasi ya michango ya msiba wake.
"Somoe," nikasema.
"Somoe binti Chilumba. Kwa herufi kubwa."

Kisha mtandao ukakatika.
Namba ya malipo ikajificha
kama kambale wa kiangazi aliyejizika topeni.
Tukakaa. Mchopa akanimegea andazi,
akauliza perege wa Rutamba wanapenda nini.
Nyambo, nikamwambia,
wa chini ya mgomba, si wa jaani.
Jiwe lipi, hilo sikumwambia.

Saa tisa na nusu mashine ikakohoa karatasi.
Nikaipokea ina joto,
nikaishika kwa ncha za vidole
kama chapati ya kwanza.

Kesho yake Bakiri alinikuta nimekaa.
Akaisoma yote, hadi mistari midogo ya chini,
midomo ikichezacheza.
"Sawa, Shangazi Somoe."

Ile ya marehemu nimeirudisha koponi,
mikunjo yake minne vilevile.
Haina kosa lolote, ila haina mwenyewe.

Siku hiyo sikupata hata kitoto cha perege.
Nyambo wanne waliliwa bure.
Nikakaa mpaka jua likanipita,
halali kabisa.